Zuhura Aliyebana Choo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nepi. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi na cheti kipya, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka karibu lisimame lenyewe, na kichwani nina majina ya mifupa yote ya mwanadamu. Metroni wa wodi ya watoto pale Korogwe, yaani muuguzi mkuu aliyetusimamia sote, hakuniuliza hata mfupa mmoja. Alinipeleka kwenye kitanda cha kwanza, akasalimiana na mama wa mtoto, akafungua nepi na kuniambia niiname.

"Unaona nini?"

"Kinyesi, Metroni."

"Hicho hata mama yake anakiona, na yeye hakwenda chuo. Nimekuuliza unaona nini."

Nikajikaza, nikaangalia vizuri. Nikasema ni kikavu, kimekatika vipande vidogo vidogo, na pembeni kina mchirizi wa damu.

"Sasa umeanza kazi," akasema. "Na kabla ya hiki, mtoto amekaa siku ngapi bila kupata?"

Sikujua. Akanipita, akamuuliza mama mwenyewe, kwa sauti ya upole ambayo mimi sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu hata mara moja kwa miaka mitatu niliyokaa chini yake. Mama akasema siku tano.

Metroni ndiye aliyenifundisha kupapasa tumbo la mtoto. Unasugua viganja mpaka vipate joto, unamlaza mtoto chali, unamkunja magoti ili tumbo lilegee, kisha unaanzia chini upande wa kushoto, pale utumbo mpana unapoelekea kutokea. Mtoto aliyefunga choo utamkuta na vinundu, kama viazi vidogo ndani ya mfuko. Halafu unauliza. Choo chake cha kwanza, kile cheusi kinachonata, alikitoa lini baada ya kuzaliwa? Kikichelewa zaidi ya siku mbili, au kama mtoto anafunga choo tangu akiwa mchanga, huyo si wako, mpeleke kwa daktari. Anatapika? Tumbo limejaa na kukaza? Anapungua uzito? Huyo naye mpeleke. Waliobaki, na ndio wengi, ni wako, na Metroni alikuwa mkali sana juu ya hao wengi. Alikuwa akisema manesi wanapenda ugonjwa wenye jina refu, na mtoto anayelia chooni kila wiki wanamwona hana kitu.

Basi nilijifunza, na nitasema bila haya kwamba nilijua kazi. Nilipohamishiwa vijijini, upande wa Kang'ata, nilikuta watoto wanaofunga choo kwa sababu ambayo haikuandikwa kwenye daftari langu la chuo. Kiangazi cha Handeni kikishika, maji ni ya kufuatwa mbali, na anayepimiwa kidogo kuliko wote ni mtoto, kwa sababu hawezi kudai. Wengine walikuwa wananyweshwa maziwa ya ng'ombe asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa wafugaji walikuwa jirani na maziwa yanapatikana. Maziwa ni mazuri, sijasema vinginevyo, lakini mtoto wa miaka miwili akiyafanya ndiyo chakula chake chote, tumbo lake linakauka. Nikawa naandika maji kabla ya dawa. Papai, mchicha, tembele, maharage yaliyopondwa, kikombe cha maji kila anapoamka na kila anapokula, maziwa yapungue. Wengi walipona kwa hayo tu, na mimi nikaanza kuvimba kichwa.

Kichwa hicho ndicho nilichokwenda nacho kituo kilichofuata. Ilikuwa zahanati moja ya Handeni iliyohudumia vijiji kadhaa, na sitaitaja, maana kosa lililotokea pale lilikuwa langu mimi na si la jengo. Bosi wetu alikuwa Mganga Mfawidhi, ndilo jina la mkuu wa zahanati, mzee mmoja mwembamba, mpole, asiyekwenda popote bila kalamu nyekundu. Alisoma kila mstari tulioandika. Ukiandika "anaendelea vizuri" alikuita akuulize vizuri vipi.

Wakati huo tulikuwa kwenye kampeni ya choo bora. Kila siku ya kliniki, kabla ya kupima watoto uzito, nesi mmoja alisimama barazani akatoa elimu ya afya, na nesi huyo karibu kila mara alikuwa mimi, maana nilikuwa na mdomo. Siku moja nikaligusa jambo la kuwapakata watoto.

Wasomaji wangu vijana hamlijui hili, kwa hiyo nieleze. Zamani, kwa Wazigua na majirani zetu, mtoto hakufundishwa haja kwenye tundu. Mama au bibi alikaa kwenye kigoda, akakunja magoti, akaunganisha visigino vyake na kuacha uwazi kidogo katikati ya nyayo. Mtoto akakalishwa juu ya nyayo hizo, uso kwa uso na mlezi wake, ameshikwa mikono, akaimbiwa au akasemeshwa mpaka amalize. Chini palitandikwa majivu au jani la mgomba. Mimi nililelewa hivyo, na bila shaka na wewe bibi yako alilelewa hivyo.

Nikasimama barazani nikaupiga vita ule utaratibu. Nikasema ni uchafu, unaeneza minyoo, ni wa watu wasio na vyoo. "Nyie sasa mna vyoo," nikawaambia. "Mtoto akitimiza miaka miwili, apelekwe chooni kama watu wengine. Akiwa anajichafua baada ya hapo, huo ni uzembe wa mama." Nikaigiza bibi anavyokaa, miguu imepinda, na wanawake wakacheka mpaka watoto wakaamka. Mwanamke mmoja wa makamo hakucheka. Alijifunga kanga yake vizuri, akamchukua mjukuu wake mkononi, akaenda kukaa mwisho kabisa wa foleni. Nilimwona, na sikujali.

Miezi kadhaa baadaye akaja mama mmoja wa umri mdogo, Mwanaidi, na binti yake Zuhura, mwenye miaka miwili na nusu. Walitoka kitongoji kimoja upande wa Kwedizinga, mwendo mrefu wa miguu.

"Shikamoo, Sista. Mtoto anaendesha," akasema.

"Tangu lini?"

"Leo ya nne. Kidogo kidogo, kila saa. Nguo nimefua mpaka mikono imechubuka."

Foleni ilikuwa imepita geti. Nikaandika kuhara, nikampa dawa ya kurudisha maji mwilini na vidonge vya zinki, nikamweleza namna ya kuvitumia, nikasema mwingine. Zuhura hakulala kitandani. Sikusugua viganja vyangu.

Wiki ya tatu akarudi, kuhara kule kule. Nikampa tena. Mara ya tatu nilipomweka mtoto kwenye mzani, mstari wa uzito kwenye kadi yake ulikuwa umelala, haupandi. Nikamkunjia Mwanaidi uso, nikamuuliza anampa nini nyumbani. Akajibu kwa woga kwamba mama mkwe wake amemwambia ampe bada, ule ugali wa muhogo, na chai ya rangi, ili tumbo lifunge. Maziwa pia anakunywa sana, kwa kuwa chakula anakataa.

Nikiwa naandika, nikamwona Zuhura. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, amesimama kwa vidole vya miguu, mapaja ameyabana na jasho linamtoka. Mama yake akasema, "Ndivyo anavyofanya, Sista, akisukuma." Lakini mtoto anayesukuma huchuchumaa. Huyu alikuwa anabana. Alikuwa anapigana na choo chake kisitoke.

Nilimlaza mtoto yule nikiwa tayari najua nitakachokikuta. Tumbo lilikuwa limejaa upande wa kushoto mpaka karibu na kitovu, si viazi tena, lilikuwa gogo. Kile tulichokiita kuhara kilikuwa choo chepesi kilichokuwa kinapenya pembeni ya gogo hilo na kuvuja bila mtoto kujijua. Kwa wiki zote hizo nilikuwa natibu kuhara kwa mtoto aliyefunga choo, na bibi yake kwa upande wake alikuwa anamfunga zaidi. Niliona aibu ambayo sijaisahau.

Nikaenda kwa Mganga Mfawidhi, nikamweleza.

"Umempapasa lini?" akauliza.

"Leo."

"Na mara mbili za mwanzo?"

"Sikumpapasa."

Akanisogezea faili na kalamu, ya bluu. "Andika hivyo hivyo. Mara mbili za mwanzo hakupapaswa. Weka sahihi. Halafu twende tukamtibu mtoto."

Tulimwanzishia dawa ya kulainisha choo, ile ya maji yenye utamu iitwayo laktulosi. Haimsukumi mtoto kwa nguvu, kazi yake ni kuvuta maji yaingie kwenye choo mpaka kilainike. Siku ya tatu gogo likaanza kukatika. Mwanaidi akaja anacheka, na mimi nikacheka naye, tukasimamisha dawa.

Mwezi haukwisha, akarudi. Tukaanza upya, akapata nafuu, tukasimamisha, akarudi tena. Safari hiyo Mwanaidi hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Sista, nimekuja kukuaga tu. Kule nyumbani wamesema huu ni mchango, ule ugonjwa wa tumbo wa kienyeji, hospitali haiuwezi. Mama mkwe ameshachimba mizizi. Ijumaa atampiga bomba."

Kupiga bomba ni kumwingizia mtoto maji ya mizizi kwa nyuma. Nikiwa Korogwe nilimpokea mtoto aliyefanyiwa hivyo, kwa mizizi iliyokuwa kali kupita kiasi. Tulihangaika naye siku mbili. Mama yake alirudi kwao na kanga tupu mgongoni.

"Ameshawahi kumpiga?"

"Mara moja, mwezi uliopita. Alitoka damu kidogo. Tangu hapo ndiyo amezidi, akisikia haja anakimbia kujificha."

Siku ile ilikuwa Jumatano. Nikamwomba Mganga Mfawidhi ruhusa, na Alhamisi asubuhi nikapanda bodaboda kwenda kwao. Sikwenda nikiwa na unyenyekevu wowote. Nilikwenda kumgombeza bibi.

Nilimkuta anapepeta mahindi. Alikuwa yule mwanamke wa makamo ambaye hakucheka. Jina lake Bibi Mwantumu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, nesi. Umekuja kutuchekesha tena?"

Nikakaa kwenye mkeka. Hasira niliyotoka nayo ikaniishia pale pale. Mwanaidi alikuwa ametuona, akatoka jikoni kunilaki, na kwa furaha ya kunipokea akasema nije kwanza nione choo. Choo chenyewe kilikuwa cha mfano: sakafu ya saruji, mlango wa bati, kopo la maji, kipande cha sabuni kimening'inizwa kwa kamba. "Tangu siku ile ya somo lako," akasema, "sijamruhusu hata siku moja kwenda kichakani wala kupakatwa. Mama alitaka kumpakata, nikamwambia Sista amekataza. Ni humu humu tu."

Nikaingia. Ukifunga mlango ule, ndani kulikuwa giza. Tundu lilikatwa kwa miguu ya mtu mzima, na mtoto wa umri ule ili achuchumae juu yake inabidi apanue miguu mpaka atetemeke. Ndani kulikuwa na kina kinachorudisha mwangwi. Nikamwita Zuhura taratibu aje anionyeshe. Alipofika kwenye kizingiti, akapiga yowe, akashika kanga yangu, akapanda mwilini mwangu mpaka shingoni.

"Kandambili yake ilitumbukia humo," Mwanaidi akaeleza. "Ndiyo mara ya kwanza nilipomwingiza. Tukamtania kwamba na yeye asipochuchumaa vizuri atatumbukia."

"Na akijichafua?"

Mwanaidi akaangalia chini. "Namchapa, Sista. Ulisema ni uzembe wa mama. Majirani walikuwepo siku ile barazani, wote walisikia. Wakaanza kuniangalia."

Nimefanya kazi na akina mama wengi sana. Wapo wanaosikiliza nusu, wapo wanaoitikia kisha wakafanya yao, na Mungu awabariki, maana mara nyingine ukaidi wao umewaokoa watoto wao na ujinga wetu. Katika vijiji vyote vile, Mwanaidi ndiye aliyenitii neno kwa neno. Ndiye mtoto wake aliyeumwa.

Mlolongo wenyewe, nilipoupanga kichwani pale pale mlangoni mwa choo, ulikuwa wazi kabisa. Mtoto aliogopa tundu, akabana. Choo kikakaa, kikakauka, kikawa kigumu. Kilipotoka kikampasua kidogo, akaumia, akabana zaidi. Utumbo ukatanuka, ukazoea kujaa, mpaka akawa hasikii haja tena, choo chepesi kikawa kinavuja, na kwa kuvuja akachapwa. Akachapwa kwa ajili ya choo, akazidi kukiogopa. Dawa yetu ililainisha kinyesi, lakini kila tulipoisimamisha tulimrudisha mtoto kwenye tundu lile lile.

Nikarudi mkekani. Bibi Mwantumu alikuwa anaendelea kupepeta.

"Bibi, nakuomba usimpige bomba kesho. Lile tumbo halina mchango."

"Lina nini?"

"Lina woga. Nakuomba umpakate kama zamani."

Akaweka ungo chini. "Nani anasema hivyo, serikali au wewe?"

"Mimi."

"Ule uchafu?"

"Nilikosea, bibi."

"Usiniambie mimi. Mimi nilijua siku ile ile. Mwambie mama yake, yeye ndiye aliyekuamini."

Nikageuka nikamwambia Mwanaidi, mbele ya mama mkwe wake, kwamba nilimfundisha vibaya, kwamba hakuwa mzembe, na kwamba asimchape mtoto tena kwa kujichafua, kwa kuwa choo kile kinatoka bila Zuhura kujua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Kwa hiyo siku zote zile nilikuwa namchapa bure?" Nikasema ndiyo. Akaingia jikoni, na kwa muda mrefu hakutoka.

Mimi na bibi tukapatana. Mizizi ataitupa. Atampakata mtoto kila asubuhi na kila jioni, mara tu baada ya uji na chakula, kwa sababu tumbo la mtoto huanza kufanya kazi likipokea chakula. Dakika chache tu, bila kumlazimisha, na akikataa anashushwa. Chini pawekwe majivu, kinachotoka kitupwe chooni, na miguu na mikono ioshwe kwa sabuni. Hilo la sabuni nililishikilia, na bibi akasema kunawa alikujua kabla sijazaliwa. Bada lisimame kwa sasa, maziwa yabaki kikombe kimoja, papai kila siku, maji kila mara. Na dawa isisimamishwe. Hapo napo tulikuwa tumekosea kwenye zahanati, na manesi wengi bado wanakosea: choo kikitoka mara mbili tatu tunaona tumemaliza. Utumbo uliotanuka unahitaji miezi kurudi hali yake. Dawa inaendelea kila siku, mtoto akiwa mzima hivyo hivyo, halafu inapunguzwa kidogo kidogo.

Siku ya kwanza Zuhura alikaa miguuni mwa bibi akacheza na shanga zake, akashuka. Ya pili vile vile. Ya tatu ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwepo. Bibi alikuwa anamsimulia kitu kwa Kizigua, habari za kuku mmoja mchoyo, uso karibu na uso. Mtoto akanyamaza, akakunja sura, akashika vidole gumba vya bibi. Kisha kikatoka. Mwanaidi akafungua mdomo apige kigelegele, bibi akamkata jicho.

"Nyamaza wewe, utakirudisha ndani!"

Nikacheka mpaka machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

Siku ya kliniki iliyofuata nilisimama barazani pale pale nikafundisha upya. Nikasema choo bora ni bora kwa mtu mzima, na kinyesi cha mtoto lazima kiishie humo, lakini mtoto mwenyewe asilazimishwe tundu analoliogopa. Nikaonyesha namna ya kupakata, safari hii bila kuigiza mtu. Habari zikafika wilayani. Mratibu wa afya ya mama na mtoto, mwanamke mkali aliyevaa miwani ya kamba, akaja na gari.

"Sista, nasikia unawafundisha watu watoto wajisaidie miguuni mwao."

"Ndiyo, Mratibu. Mpaka waache kuogopa. Kisha tunawahamisha taratibu."

"Na kampeni yetu?"

Nikampa kadi ya Zuhura. Aliifuata kwa kidole, pale mstari ulipopanda mwanzoni, ulipolala, na ulipoanza kunyanyuka tena. Akavua miwani. "Sabuni isikosekane," akasema. "Na ufundishe na zahanati za jirani. Nataka wajue kupapasa, wasikimbilie kuandika kuhara."

Baada ya hapo nilihamishwa Ngombezi, nikafanya kazi miaka mingi kwa familia za mashamba ya mkonge. Huko watu wanaishi kwenye nyumba za kambi zilizopangwa mistari, vyoo ni vya kushirikiana, na mama anaondoka alfajiri. Bibi wa kupakata hayupo, yuko milimani Usambara au Handeni. Tulibuni njia nyingine: poti ndogo ya plastiki, na tofali mbili chini ya miguu ili magoti yapande juu kuliko nyonga, kwa sababu mtoto anayening'iniza miguu hewani hana pa kujikazia. Anayebaki na watoto wa jirani akaelekezwa. Ilifaa. Watoto niliowatibu huko kwa tatizo hili siwezi kuwahesabu, na ninaosema walinishinda ni wachache, na hao niliwafikisha kwa daktari mapema.

Sasa nimestaafu, naishi Korogwe, nafuga kuku na nasali kwa wakati. Manesi vijana wananipigia simu. Wanaanza hivi: "Mama, kuna mtoto amerudi mara ya tatu na choo, nadhani mama yake hafuati maelekezo." Nawauliza mmempapasa, wanasema ndiyo, na hapo nafurahi. Nawauliza mmefika kwao, wanasema foleni ni ndefu. Nendeni, nawaambia. Ulizeni anajisaidia wapi, ingieni humo, chuchumaeni. Ugonjwa ukirudi mara ya tatu, acheni kwanza kumchunguza mama, chunguzeni mlichomwambia. Wengine wananiona mzee mwenye maneno mengi, lakini simu hawaachi kupiga.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye faili la Zuhura, na ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Miezi miwili baada ya kuanza kupakatwa, mtoto alikuwa amenona na anapata choo vizuri, ila kwa bibi yake tu. Miguuni mwa mama yake alikataa kabisa. Kisha Bibi Mwantumu akapata msiba Kang'ata, akaondoka kwa wiki. Siku ya pili nikaletewa ujumbe kwamba Zuhura ameanza kubana. Nikaenda. Mwanaidi alikuwa amekonda yeye sasa.

"Ananiogopa, Sista. Nikimshika tu anakakamaa. Nimpe dawa gani?"

Sikuwa na dawa ya hilo. Nikamwambia, "Usimshike. Endelea na dawa yake ile ile, na wewe kila baada ya uji kaa kwenye kigoda cha bibi, weka miguu, ukae tu. Usimwite."

Akakaa. Siku ile mtoto alimzunguka kwa mbali. Kesho yake pia, wakaniambia. Siku ya nne nilipofika, Mwanaidi alikuwa ameshakaa, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, mikono mapajani, anaangalia majivu. Zuhura akatoka mlangoni na kipande cha papai. Akasogea, akasimama mbele ya ile miguu, akaitazama kwa muda.

"Mama, utanichapa?"

"Sikuchapi. Sikuchapi tena, mwanangu."

Akampa mama yake papai amshikie, akageuka kuangalia kama bado nipo, akapanda miguuni, akakaa. Mwanaidi hakuthubutu hata kujifuta uso. Alishika papai lile mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, mpaka mtoto aliponyanyua kichwa na kumwambia, "Tayari."